Fundi wa kurelie (kushona na kufunga upya) Biblia kule komini Kenya, hapa Lubumbashi, na kazi aliyofanya ku Biblia ya marehemu baba

Jamani wa Lubumbashi, habari ya masiku. Batu watatu wa korali yetu waliona Biblia ya kwetu ku kulte, ni kusema ibada, wakaniuliza nilirelisha wapi, na kila mara najibu haraka haraka juu ni saa ya kutoka kanisani na kelele ni mingi, sasa wacha niandike yote pa moja. Ni fundi wa kurelie vitabu, eko komini Kenya, si mbali na soko, anafanya Biblia, vitabu vya nyimbo, rejista za kanisa, hata memwari za banafunzi wa iniversite. Mimi nilimupelekea Biblia moja tu lakini ile moja inatosha mimi kumusifu.

Nianze na Biblia yenyewe, juu bila kuijua hamutaelewa kwa nini nafurahi hivi. Marehemu baba alikuwa masoni. Alijenga nyumba za batu Katuba, Ruashi, na fasi zingine mingi, na asubuhi mbele ya kwenda shantie alikuwa anasoma Biblia akiwa na penseli yake ya kazi mukononi, ile nyekundu ya bapa ya kuchorea ku mbao. Basi penseli ile njo aliandikia pembeni ya kurasa. Maandishi manene, yameinama, mengine yamefutika nusu. Pa Zaburi 103, pale inasema kama baba anavyowahurumia watoto wake njo Bwana anavyowahurumia wanaomucha, aliandika jina la kaka yangu mukubwa na mwaka 1994, mwaka kaka aliumwa mpaka majirani walishaanza kuja kukaa na sisi kimya kimya, na chini ya jina akaandika neno moja, "Baba". Hakuandika asante, hakuandika tafadhali. "Baba" tu. Mama anasema siku ile hakuweza kuomba na maneno mengine.

Kaka alipona, eko na batoto sasa. Baba alilala miaka minne iliyopita, na Biblia ilibaki kwa mama, imefungwa ndani ya kitenge juu mugongo ulishakatika, kitabu cha Mwanzo kinaning'inia, Ufunuo karatasi zinatoka moja moja.

Munajua vile tarehe 1 mwezi wa 8 inakuwa huku kwetu Kongo, siku ya wazazi. Asubuhi tunaenda makaburini kusafisha kaburi za wazee, kung'oa majani, kuweka maua, kisha mchana tunarudi kukaa na wazazi wenye wangali hai, bukari, kuku, sombe, batoto na vizawadi vyao. Kwetu mbele ya chakula kuna ibada, na ibada ile haisomwi ku telefone, inasomwa ku Biblia ya mzee. Mwaka jana tukaisoma kule kule kaburini, upepo ukapita na vumbi lake lote, karatasi nne tano zikaruka juu ya makaburi ya watu, mama na miaka yake karibu 70 akazikimbilia na kitenge kinamufunguka. Tulizipata zote. Lakini ile siku nilisema mwaka ujao haitakuwa hivi.

Sasa nilikosea mara ya kwanza na niseme wazi ili musikosee. Nilienda nafasi moja katikati ya mji, jina naliacha, wanafanya fotokopi na wanasema wanarelie pia. Walipiga agrafe, pini za chuma, kubwa kubwa pembeni, wakamwaga kole (gundi) mugongo mzima, wakabandika kartoni, siku ileile nikapewa. Kuifungua haifunguki! Unaivuta inarudi kujifunga, na maneno yote yenye yako karibu na mukunjo yamefichika ndani ya agrafe. Niliilipia na nikatoka bila kusema kitu juu sauti ilikuwa imenikauka. Usiku sikulala. Nilijisikia kama nimemufanyia baba kitu kibaya na hayuko tena nimuombe msamaha.

Njo dada mmoja wa kanisa, Mama wa korali, akanielekeza kwa huyu fundi wa Kenya.

Atelie yake ni mulango mmoja, ndani kuna meza ndefu, madirisha mawili, pres ya mbao mbili nzito zenye kukazwa na buloni, na harufu ya uji wa unga wa ngano juu kole yake anaipika mwenyewe. Papa wa miaka kama sitini hivi, miwani imefungwa na uzi. Nilivyofungua kitenge akaona ni Biblia, alienda kwanza kunawa mikono ku ndoo, akaifuta na shati, njo akaipokea na mikono miwili. Hakunitajia bei. Alikaa anafungua polepole, anasoma yale maandishi ya penseli, mimi nasimama tu. Akaniuliza, "Huyu mzee alikuwa anaandikia nani?" Nikasema, alikuwa anamwandikia Mungu, papa. Akasema, "Ah. Basi hii haiko kazi ya siku moja."

Ilikuwa kazi ya siku kumi na mbili. Nilirudi pale mara nne, kidogo juu ya wasiwasi, kidogo juu nilipenda kumuona akifanya. Agrafe alizitoa moja moja na ncha ya kisu, anainua huku, anainua kule, mpaka inatoka bila kupasua. Kole ile ngumu ya mugongo alipaka uji wake juu, akaacha ilainike, akaikwangua na ubao mwembamba, akarudilia tena kesho yake. Kisha akaitenganisha Biblia yote vifungu vifungu, juu kumbe Biblia haishikani karatasi moja moja, inashonwa vijitabu vidogo vidogo vilivyokunjwa, na pale mukunjo umepasuka alibandika karatasi nyepesi sana, unaona maandishi ya chini kama unaangalia ndani ya maji. Akaanza kushona. Uzi anaupitisha kwanza ku nta ya mushumaa, sindano inaingia ndani ya mukunjo, inatoka, inazunguka kamba ya mugongo, inarudi. Alishona toka Mwanzo mpaka Ufunuo na mukono. Siku niliyomukuta ku Isaya aliniambia, "Leo niko kwa nabii, usiniongeleshe."

Sasa kitu chenyewe chenye kilinifanya niandike hii yote. Kitabu kikishashonwa, mafundi wanakikata pembeni ili kurasa zote zilingane, inakuwa laini, inapendeza, klienti anafurahi. Aliiweka ku pres, akachukua kisu kirefu, akakiinua, akakirudisha mezani. Akanipigia telefone nikuje. Nilifika na jasho nikifikiri kitu kimeharibika. Akanionyesha: maandishi ya baba yanafika mpaka mwisho kabisa wa karatasi, akikata hata milimeta tatu, herufi za mwisho zinaenda. "Mimi naweza kukata, itakuwa ya kupendeza kama mupya. Ao naacha hivi, pembeni itabaki ya kupanda na kushuka, lakini mzee atabaki muzima. Useme wewe." Nikasema acha. Akasema, "Hata mimi njo nilitaka, lakini Biblia ni yako." Fundi mwingine angekata bila kupiga telefone, na mimi ningejua nikifika nyumbani.

Halafu kwa habari ya ganda. Mimi nilitaka jina la baba mbele, herufi za dhahabu, makubwa. Nilishaliandika ku karatasi. Papa aliliangalia akanyamaza, kisha akaniambia kwa upole kama anaongea na mutoto wake, "Mama, tuweke jina la mzee ndani, ukurasa wa kwanza, na mukono mzuri. Mbele tuache Biblia Takatifu. Baba yako mwenyewe angekubali jina lake likae juu ya lile la Baba yake?" Nilikasirika kidogo, naungama. Nilikuwa nimemulilia baba yangu miaka minne na sasa mutu ananiambia nimupunguze. Nikamwambia nitafikiri nikatoka.

Usiku ule nilifungua Malaki 1:6 ku Biblia yangu ingine, pale Mungu anauliza makuhani, mutoto anamuheshimu baba yake, sasa kama mimi ni baba, heshima yangu iko wapi? Na nikakumbuka kaka ya baba, alikuwa mutu wa Jamaa kule Kolwezi, ile Jamaa, kikundi cha Wakatoliki chenye padri Placide Tempels alianzisha kule miaka ya 1950, wao wanaitana baba na mama, hata padri mwenyewe walimwita Baba Placide. Sisi Waprotestanti wa familia tulikuwa tunamushambulia sana na Matayo 23:9, musimwite mutu baba duniani juu Baba yenu ni mmoja. Na mzee hakukasirika hata siku moja, alikuwa anatujibu na Efeso 3, pale Paulo anapiga magoti mbele ya Baba ambaye ubaba wote wa mbinguni na wa duniani unapata jina kwake. Huyo kaka ya baba alikuwa anasema, mimi hili jina la baba nimeazimwa. Nikikuwa mukali bure ku nyumba yangu, nachafua jina la mwenyewe aliyeniazima. Nilikuwa kijana, sikuelewa. Usiku ule nilielewa. Asubuhi nikamupigia fundi, nikasema weka jina ndani.

Kuna ile siku ya tatu pia, nataka niiongelee juu inanifuata mpaka leo kila nikisimama kuomba. Nilikuwa nimekaa pale ku kiti cha klienti akaingia mwimbishaji wa korali moja ya Kenya na mufuko wa vitabu vya nyimbo vilivyopasuka, na mazungumzo yakaanza. Yule kaka alikuwa na uchungu. Anasema siku hizi ku kulte batu wanapiga kelele Papa! Papa! Papa! lakini ukisikiliza vizuri mbele ya amen ni liste tu, viza, ndoa, kazi ku kampuni ya mine, parsela ya kujengea nyumba. Fundi bila kuinua kichwa akamuuliza, "Mutoto wako akirudi toka masomo, kitu cha kwanza anakuambia ni nini?" "Ananisalimia." "Na asipokusalimia, anyooshe tu mukono?" Yule kaka akacheka. "Nitamurudisha ku mulango aingie upya."

Sasa angalieni Baba Yetu yenyewe, ile tunaisema tangu utoto mpaka mudomo unaisema peke yake na akili iko sokoni. Jina lako litukuzwe. Ufalme wako ukuje. Mapenzi yako yafanyike. Maombi matatu ni ya Baba, mukate unakuja wa nne! Yesu hakutukataza kuomba mukate, aliuweka ndani, Baba anajua batoto wanakula kila siku. Lakini alitufundisha tuingie nyumbani na salamu. Wazee wetu Waluba mbele ya mukubwa wanakunja magoti na kupiga makofi polepole mbele ya kufungua neno. Wabemba wanamuita baba Batata, wanamuongeza ba ya heshima kama vile ni batu wengi. Hii adabu tuko nayo ku damu, na inaniuma kuona tunaiacha ku mulango wa kanisa, mbele ya mwenye kustahili kuliko wote.

Na sisemi tuwe na woga, hapana. Neno Aba liko mara tatu ku Agano Jipya, Marko 14, Waroma 8 na Wagalatia 4, ni Kiaramu, Waandishi waliliacha vile vile wakaweka maana yake pembeni, mimi naona hawakutaka kulipoteza. Na ile ya Marko ni Yesu mwenyewe, Getsemane, usiku ule mubaya kabisa. Aba, Baba, unaweza yote, uniondolee kikombe hiki. Analia kwa Baba yake bila kujificha. Na palepale bila kupumua anasema, lakini si kama mimi nataka, ni kama wewe unataka. Njo pale nimeona marehemu baba alijifunzia kuandika neno moja tu pembeni ya Zaburi. Alimukaribia Baba na uchungu wake wote, na hakumupangia la kufanya. Mimi nikiwa kanisani na liste yangu mukononi, nafikiri ile penseli.

Tarehe 1 ikafika. Makaburini tulisafisha, tukaimba, Biblia haikuruka! Ilifunguka, ikalala wazi juu ya mikono ya kaka bila mutu kuishikilia, ganda la skai nyeusi, ile ya kufanana na ngozi, mugongo unakunjika vizuri. Mchana nyumbani mama akasema leo asome mutoto. Akamupa mutoto wa dada yangu, ana miaka tisa, baba yake alitoka kwenda kutafuta kazi mbali na huu ni mwaka wa tano hakuna habari. Kusema kweli mimi niliogopa. Mutoto kama ule, unamufungulia Zaburi ya baba anavyowahurumia watoto, anamufikiria nani? Ku mahubiri tunasema Mungu ni Baba kama vile kila mutu aliyekaa pale ana kumbukumbu nzuri ya neno hilo, na wengine wanainamisha macho, na hatuwaangalii.

Alisoma polepole, kidole chini ya maneno. Akafika ule mustari, akasimama, akaona ile penseli. "Koko, hili ni jina la tonton?" Koko ni bibi yake, tonton ni kaka yangu. Mama akasema ndiyo, babu yako alimutaja kwa Baba siku alikuwa mugonjwa. Mutoto akaangalia tena. "Na langu liko wapi?"

Hakuna aliyejibu. Mama akasimama, akaingia chumbani, akakawia kidogo, akatoka na ile penseli nyekundu, kumbe aliiweka ku sanduku miaka yote ile, fupi kama kidole gumba. Akakaa karibu na mutoto, akatafuta nafasi, na nafasi ilikuwepo, pale pembeni kabisa mwa karatasi, pale kisu kingepita. Akaandika jina lake na mwaka, mukono unatetemeka. Mutoto akamwambia aandike na lile neno la chini pia. Akaandika.

Chakula kilipoa na hatukujali.

Haya, mambo ya kujua kama munataka kuenda. Mimi nililipa dola 25, avansi nusu, na hapo ni kushona yote upya na ganda la skai. Kitabu cha nyimbo alinitajia dola 6 mpaka 8 kufuatana na unene. Kuna batu watasema ni bei, juu Biblia mupya ya kawaida inaweza kupatikana chini ya pale. Kama Biblia yako haina kitu ndani, nunua mupya. Alinichelewesha siku tatu kwa ile aliyoniahidi, na hana tabia ya kukupigia kukuambia atachelewa, ni wewe umufuate. Resu, karatasi ya kuonyesha umelipa, hatoi mpaka umuombe. Herufi za dhahabu za mbele zimeinama kidogo upande wa "Takatifu", ukiangalia sana unaona, nilimuonyesha akasema kweli, akanipunguzia dola 2 bila mimi kuomba. Jumapili hafungui hata umulilie. Na muende na kitabu chenu mapema, musingoje mwezi wa 7 mwishoni juu batu wote wa siku ya wazazi njo wanakumbuka wakati ule.

Mukifika, muangalie ku meza kama bado kuna mufuko wa vitabu vya ile korali, mimi mara ya mwisho vilikuwa vimefika nusu. Jumatatu narudi pale na kitabu cha nyimbo cha mama. Hakijakatika sana, lakini ameshaanza kuandika pembeni.